Barua ya wazi kwa Shirikisho la Soka Albania: Vllaznia msiipunguze, itafutieni mpinzani

Kwa Rais na Kamati Tendaji,
Shirikisho la Soka Albania (FSHF),
Tirana.

Nakala: Uongozi wa klabu ya Vllaznia, Shkodër.

YAH: LIGI YENU YA WANAWAKE NA BINGWA ASIYE NA MPINZANI

Waheshimiwa,

Habari za kazi. Mtashangaa kupata barua kutoka Dar es Salaam, tena ya Kiswahili, kuhusu timu ya wanawake ya mji wa Shkodër. Lawama wapeni DAZN, kampuni ya kurusha michezo mtandaoni. Msimu wa 2022–23 walikuwa wakirusha Ligi ya Mabingwa ya Wanawake bure kwenye YouTube, na sisi ambao kifurushi cha king'amuzi hukata kabla ya mwisho wa mwezi tukajikuta tunaijua Vllaznia kuliko tunavyozijua baadhi ya timu za mikoani kwetu. Tangu hapo nimekuwa nikiwafuatilia. Naandika kama mtu anayewapenda wale mabinti, sikutumwa na yeyote.

Nianze na haki yao. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na hawa wala si wanyonge. Ligi yenu ya wanawake ilianza mwaka 2009. Taji la kwanza lilikwenda mji mkuu, kwa Tirana AS. Baada ya hapo Ada ya Velipojë, huko pwani isiyo mbali na Shkodër, ikabeba mara tatu mfululizo. Msimu wa 2013–14 wakaja Vllaznia, na mjadala ukaishia hapo: kufikia 2024 walikuwa wametwaa ubingwa mara 11 bila kuachia hata msimu mmoja. Ukiunganisha na yale ya Ada, kombe lilikaa mkoa mmoja tangu 2011. Timu ya wanaume ya Vllaznia, klabu iliyoanzishwa 1919, ina ubingwa wa nchi mara 9, na wa mwisho ni wa 2001. Kwa miaka 11 tu wanawake wamewapita kaka zao, na bado nina hakika ukiingia kwenye mgahawa wowote pale Shkodër ukauliza habari za Vllaznia, utaanza kusimuliwa za wanaume.

Halafu ikaja ile safari ya 2022. Waliitoa Vorskla Poltava ya Ukraine wakaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Hakuna klabu nyingine ya Albania iliyowahi kufika hapo, ya wanaume wala ya wanawake. Skënderbeu ya Korçë ilifika makundi ya Europa League, mashindano ya ngazi ya pili ya klabu za Ulaya, ambayo ni heshima yake, lakini Ligi ya Mabingwa ni kitu kingine. Kura ikawatupa kundi A pamoja na Chelsea, Paris Saint-Germain na Real Madrid. Hata mganga wa kienyeji asingekupangia kundi baya kuliko hilo.

Oktoba 20, Real Madrid wakaja Shkodër, uwanja wa Loro Boriçi, na kushinda 2–0. Mbili! Kwa timu inayotoka ligi ya kwenu, dhidi ya Real Madrid, hiyo ni kazi ya watu wazima. Siku sita baadaye wakaenda London, na Chelsea wakawafunga 8–0, mshambuliaji wao Sam Kerr peke yake akifunga 4. Paris 5–0. Marudiano nyumbani, 4–0. Chelsea walipokuja Shkodër, 4–0 tena. Mechi ya mwisho ikawa Madrid, 5–1, na lile 1 ndilo bao la kufutia machozi, bao pekee la Vllaznia katika mechi 6. Waliruhusu 28.

Hesabu hiyo naitaja kwa sababu ndiyo kiini cha barua hii, si kwa kuwacheka. Watu wengi waliiangalia wakasema: haya, ndicho kiwango chao. Mimi nasema kile hakikuwa kiwango cha Vllaznia, kilikuwa kiwango cha ligi mnayoisimamia ninyi.

Fikirieni beki wa kati wa Vllaznia katika msimu wa kawaida. Wiki baada ya wiki timu yake inashinda kwa mabao mengi, wakati mwingine tarakimu mbili. Wapinzani wamepaki basi ndani ya boksi lao. Yeye kazi yake ni kusimama karibu na mstari wa kati, kuupokea mpira unaobutuliwa, na kuurudisha kwa kiungo. Hakimbizwi. Hageuzwi. Halazimiki kuamua ndani ya nusu sekunde kama amfuate mshambuliaji au abaki na mstari, maana mshambuliaji mwenyewe yuko peke yake, mita 40 kutoka kwa mwenzake, na amechoka kukimbiza mipira isiyofika. Kipa wake anamaliza mechi jezi safi. Kiungo mkabaji anasahau kukaba kwa kuwa hakuna wa kumkaba.

Halafu mchukue dada huyo huyo umpeleke Kingsmeadow, uwanja wa Chelsea, umwambie leo utacheza chini, ndani ya boksi lako, dakika 90, na anayekukimbilia ni Sam Kerr. Kila alichokizoea kimegeuzwa juu chini. Pasi anayoipiga kwa raha kila Jumapili, hapa inakatwa. Nafasi ya kupumua anayoipata nyumbani baada ya bao la tatu, hapa haipo, kwani bao la tatu ni la wenzake. Kocha anaweza kufundisha mambo haya mazoezini wiki nzima, lakini kukaba kwa presha hakufundishiki kwenye koni. Kunafundishwa na timu nyingine iliyokuja kukufunga. Na timu hiyo Vllaznia hawakuipata nyumbani mwaka mzima.

Ndiyo maana nawaomba, kabla ya mengine yote, msikubali ule ushauri wa kuipunguza Vllaznia. Ushauri huu huja kila penye bingwa wa kudumu: wekeni ukomo wa usajili, wanyimeni wachezaji wa kigeni, badilisheni mfumo wa ligi, ongezeni mchujo mwishoni ili angalau fainali iwe na msisimko. Mfumo unaweza kuchelewesha sherehe ya ubingwa kwa wiki chache tu. Ukiwagawa kwa makundi manne au manane, mwenye nguvu ni yule yule. Na ukimkata miguu mrefu ili alingane na wafupi, Ulaya itawaona wote wafupi.

Tena Vllaznia hawajamwibia mtu. Walifanya kile ambacho klabu nyingine kubwa za Albania zilikuwa na nafasi ya kukifanya na hazikukifanya: walikichukulia kikosi cha wanawake kama timu, wakaandaa, wakasajili, wakaenda Ulaya mwaka baada ya mwaka mpaka wakajifunza jinsi ya kuvuka raundi. Tirana ndiyo mji mkuu, ndiyo yenye watu wengi kuliko mji wowote wenu na klabu zenye mashabiki wengi. Tangu lile taji la 2010 la Tirana AS mpaka 2024, mji huo haukuonja tena ubingwa wa wanawake. Apolonia ya Fier imejitahidi kuwa mpinzani wa karibu kwa misimu kadhaa, na naipa heshima yake, lakini kuwa wa pili kwa umbali ule si upinzani. Ninyi wenyewe mnajua.

Najua mtasema nchi ni ndogo. Ni kweli. Sensa ya 2011 iliwahesabu watu wapatao milioni 2.8, ya 2023 ikawakuta kama milioni 2.4. Familia zinahama, na familia ikihama kwenda Italia au Ujerumani, binti wa miaka 13 aliyekuwa anacheza vizuri anahama nayo. Hilo shirikisho haliwezi kulizuia. Lakini nchi hiyo hiyo ndogo imepeleka timu ya wanaume Euro 2016 na Euro 2024. Nchi hiyo hiyo ilijenga uwanja mpya Tirana na Mei 2022 ikaandaa fainali ya kwanza ya Conference League, mashindano ya ngazi ya tatu ya klabu za wanaume Ulaya, Roma dhidi ya Feyenoord, dunia nzima ikitazama. Miezi mitano baadaye Real Madrid ya wanawake ikatua Shkodër. Udogo haukuwazuia Mei. Sioni kwa nini uwe sababu Oktoba.

Sasa nifike kwenye fedha, maana hapa ndipo ninapotaka majibu.

UEFA walipoanzisha mfumo mpya wa malipo wa Ligi ya Mabingwa ya Wanawake kuanzia msimu wa 2021–22, walitenga euro milioni 24. Kila klabu kati ya 16 za makundi ilihakikishiwa si chini ya euro 400,000. Hiyo ni ya Vllaznia, wameivujia jasho. Lakini kulikuwa na fungu la pili ambalo halizungumzwi sana: asilimia 23 ya fedha zote, takriban euro milioni 5.6, ziliwekwa kando kwa klabu ambazo hazikushiriki, katika ligi za nchi zilizopata mwakilishi kwenye makundi, kwa sharti kwamba zitumike kuendeleza soka la wanawake.

Someni tena sentensi hiyo mkiwa mmevaa kofia ya Apolonia au ya klabu yoyote iliyomaliza mkiani. Maana yake ni kwamba siku Vllaznia walipoitoa Vorskla, hawakujifungulia mlango wao peke yao. Kwa utaratibu huo, wale waliokuwa wakifungwa nao kila msimu waliingia kwenye mgawo wa Ulaya kwa mgongo wao. Kwa klabu inayosafiri na basi la kuazima, fedha hizo, hata zikiwa kidogo kiasi gani baada ya kugawanywa, ni kocha wa makipa. Ni timu ya wasichana chini ya miaka 15. Ni mtaalamu wa tiba wa kukaa benchini ili binti akiumia goti asitibiwe kwa barafu na maombi.

Sisemi zimepotea, wala sina sababu ya kumshuku mtu. Ninachouliza ni swali la mpenzi wa mpira: zilifika klabu zipi, kiasi gani kila moja, na zilifanya nini? Fungu la aina hii lisipowekwa hadharani, hata kama lilitumika vizuri mpaka senti ya mwisho, halimfundishi mtu chochote. Klabu ya tatu haiwezi kuiga alichofanya wa pili kwa sababu hajui alifanya nini. Na Vllaznia wenyewe wanaendelea kuonekana kama walafi waliokula peke yao, kumbe walikuja na sahani za jirani.

Jambo jingine ni hizo klabu kubwa za wanaume. Huku Afrika, CAF wameweka sharti kwamba klabu inayotaka kucheza mashindano yao ya wanaume iwe na timu ya wanawake. Sharti hilo lina mianya yake, sitawadanganya; zipo klabu barani zinazookota timu ya mtaani wiki mbili kabla ya ukaguzi na kuivalisha jezi. Lakini hata kwa mianya hiyo limesukuma gari. Hapa Tanzania ligi yetu ya wanawake si ya kujivunia kwa kila kitu, malipo na viwanja vina kilio chake, ila tangu 2018 ubingwa umekuwa ukigombaniwa kati ya JKT Queens na Simba Queens, mmoja akichukua leo mwingine anarudi kesho. Mwaka 2022, mwaka ule ule wa Vllaznia, Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kule Morocco. Walikwenda wakiwa wamezoea kubanwa, kwa sababu JKT walikuwa wakiwabana nyumbani. Fahali wawili kwenye zizi moja ndiyo shida tuliyonayo sisi, na ni shida tamu.

Wekeni basi sharti la aina hiyo kwenye leseni ya ligi yenu kuu ya wanaume, na liwe na meno. Lisiishie kwenye kuwa na timu. Liseme kuwa na timu inayomaliza msimu, yenye kocha mwenye leseni, yenye kikosi cha vijana wasichana nyuma yake, na ikaguliwe Februari, si Agosti peke yake. Klabu yenye jina kubwa ikijua kwamba nafasi yake ya kucheza Conference League inategemea mabinti 18 wa mtaani kwao, mtashangaa jinsi bajeti inavyopatikana.

Na ninyi wa Vllaznia, mliopewa nakala, msidhani mmepona. Benchi lenu lina wachezaji ambao wangeanza katika timu yoyote nyingine ya ligi. Binti wa miaka 18 au 19 anakaa hapo anaangalia wenzake wakifunga la saba, anaingia dakika ya 70 kufunga la nane. Hiyo si kukua. Mtoeni kwa mkopo, na msiweke kile kifungu cha kawaida kinachomkataza kucheza dhidi ya klabu mama. Fanyeni kinyume: mruhusuni, hata mwombeni kocha wake mpya amwanzishe siku hiyo. Mabeki wenu wamjue yeye, naye awajue wao, na kwa mara ya kwanza katika msimu kutakuwa na mtu upande wa pili anayejua udhaifu wenu uko wapi. Mtapoteza pointi? Labda mbili, labda tatu. Mna akiba ya kutosha.

Mtasema mkopo ni wa klabu, si wa shirikisho. Sawa, lakini shirikisho linaweza kulipia. Mshahara wa mchezaji chipukizi kwa msimu mmoja ni fedha ndogo mno ukilinganisha na gharama ya kuanzisha akademia kutoka sifuri, na matokeo yake yanaonekana Septemba.

Kuna timu ya taifa pia. Albania ya wanawake haijawahi kufuzu Euro wala Kombe la Dunia, ingawa imepanda. Mwaka 2025 ilicheza Ligi B, yaani ngazi ya pili, ya Nations League, mashindano ya timu za taifa za Ulaya, kundi moja na Jamhuri ya Cheki, Ukraine na Kroatia. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kikosi hicho imetoka Vllaznia. Kwa kocha wa taifa ni urahisi mkubwa, wachezaji wanajuana kama ndugu. Lakini maana yake ni kwamba nchi nzima inakula kwenye sufuria moja. Vllaznia wakiwa na msimu mbovu, majeruhi watatu, mzozo wa mishahara, kocha kuondoka, taifa linaumwa siku hiyo hiyo.

Na Ulaya haiwasubiri. Baada ya 2022–23 Vllaznia hawakurudi makundi msimu uliofuata wala ule wa 2024–25. Katika huo wa 2024–25 Celtic waliingia, Galatasaray waliingia, klabu ambazo miaka michache nyuma Vllaznia wasingezihofia hata kidogo. Kuanzia 2025–26 mfumo umebadilika tena, sasa ni timu 18 katika jedwali moja, na yameongezwa mashindano ya pili, Europa Cup ya wanawake, ambako bingwa wenu akitolewa mapema anaweza kupata pa kuendelea kucheza. Mechi za Ulaya zinaongezeka. Wanaoingia wakiwa wamekaza miguu kutoka ligi zao watazifaidi. Wengine watakuwa wanatumiwa kuboresha tofauti ya mabao ya watu.

Sitarajii mambo yote haya yafanyike msimu ujao. Leseni ina taratibu zake, mikopo inahitaji klabu mbili kukubaliana, na vijana wa miaka 15 wanahitaji miaka mitano kabla hujawaona kwenye televisheni. Ila orodha ya mgawo wa 2022–23 haihitaji kikao wala bajeti. Ni karatasi moja tu: jina la klabu, kiasi, kazi iliyofanyika. Iwekeni kwenye tovuti yenu, kwa Kialbania tu inatosha, kutafsiri tutajitegemea.

Wasalaam,

Mpenzi wa soka la wanawake,
Dar es Salaam.